Risasi Sita Bila Gumba

Wako watu mjini Garissa wanaosema leseni ya bastola nilipewa kwa sababu nilimjua mkubwa fulani. Waongo. Mkubwa niliyemjua mimi ni punda aliyenivutia mkokoteni wa maji kutoka mto Tana, nikiyauza mtaa wa Iftin nyumba kwa nyumba. Darasa la tatu ndilo la mwisho nililoliona kwa ndani. Wenzangu waliosoma walipokuwa wanapanga foleni kuomba kazi ya ukarani, mimi nilikuwa na malori mawili ya mbuzi. Kwa hiyo wakae kimya, niwaeleze.

Ilikuwa miaka ya tisini. Sheria ya hali ya hatari ilikuwa imeondolewa, lakini majambazi hawakuambiwa. Kwenye njia ya Diff, kule mpakani, walisimamisha lori langu, wakateremsha mbuzi wote, wakamvunja dereva mkono. Madereva wangu wakanijia sokoni, mbele ya watu, wakasema bila silaha ndani ya gari, Diff niende mwenyewe. Na lori langu lisipokwenda Diff ni banda la kuku tu.

Nikapata bastola ya silinda, ya risasi sita, ya mkulima mmoja aliyekuwa anahama nchi. Karatasi ya muda nikapewa. Lakini afisa wa silaha akaniwekea sharti. Kuna mfanyabiashara alikuwa amerudisha nyundo ya bastola yake kwa gumba ndani ya hoteli, ili waliokaa naye wamwone, kidole kikateleza, risasi ikapita kwenye birika la chai na paja la mpishi.

"Sitaki mambo ya gumba tena," afisa akaniambia. "Nakupa mwezi mmoja. Utapiga risasi sita, hatua kumi na tano, nyundo huigusi. Tano ziingie kwenye kifuniko cha debe. Zikipungua, chuma kinaingia kabatini kwangu na wewe unabaki na fimbo yako."

Kwa asiyejua: bastola ya namna hii ina njia mbili. Ukirudisha nyundo kwanza kwa gumba, triga inabaki fupi na nyepesi, hata bibi kizee atapiga. Usipoigusa nyundo, triga peke yake ndiyo inageuza silinda, inainua nyundo, inaiachia. Safari ndefu, nzito. Mkono unatetemeka kabla hujafika.

Mtu wa kunifundisha alikuwa mmoja tu mjini, sajini mstaafu kutoka bara, aliyebaki Garissa akitengeneza baiskeli. Miaka aliyovaa magwanda huku kwetu, miaka ile ya hali ya hatari, mimi na yeye tuliijua. Hatukuizungumza. Alitaka mbuzi mmoja kila Ijumaa. Nikampa aliyekonda kuliko wote.

Tulikwenda asubuhi kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, nje ya mji, pale ukingo wa mchanga ulipo mrefu kiasi cha kumeza risasi. Akatundika kifuniko kwenye mti wa miiba.

"Haya warya, piga."

Warya ni neno letu, kama kusema "we bwana", tunaitana sisi kwa sisi. Kinywani mwake lilitoka kama jiwe. Nikapiga sita. Mchanga uliruka chini, kushoto. Kifuniko kilibaki kama kilivyotoka dukani.

"Huo mti umekukosea nini?" akasema. "Umeua mizizi."

"Bastola imepinda."

"Mdomo ndio umepinda. Wewe unainyakua hiyo triga kama mtu anayenyang'anya. Ukinyakua, pua ya bastola inainama. Vuta mwendo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Usisimame katikati kujifikiria. Macho kwenye kile kijino cha kulengea cha mbele, kifuniko kiache kiwe ukungu. Ikilia, ikushtue."

"Mimi sishtuki."

"Basi utabaki na fimbo."

Alikataa nimalize risasi zangu. Akanipa maganda matupu niyaweke kwenye silinda, nivute hewa. Kisha akaokota kinyesi cha mbuzi kilichokauka, kidogo, cha mviringo, akakiweka juu ya mtutu.

"Wanajeshi huweka sarafu. Wewe ni mtu wa mbuzi. Siku utakayovuta mara hamsini na hicho kisianguke, ndipo utapata risasi."

Wallahi nilitaka kumpiga kwa kitako. Lakini nilikiweka. Kikaanguka. Nikaokota kingine. Mchana kutwa nyumbani nilivuta, nimesimama nimeelekea ukuta, mke wangu akipita nyuma yangu.

"Umeoa hicho chuma?" akaniuliza.

"Niache, mama."

"Nimekuacha. Wageni wamekaa sebuleni wanasikia tak, tak, tak, wanadhani kuna mtu anakatakata mkaa."

Kufikia siku ya kumi kinyesi kilibaki juu mara thelathini. Siku ya kumi na mbili, hamsini, na nikarudia tena hamsini, kwa sababu mimi si mtu wa kiwango cha mtu mwingine. Lagani nikaanza kutoboa kifuniko. Nne kati ya sita. Sajini hakusifu. Alisema, "Hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku," akaishia hapo.

Triga bado niliiona nzito. Sasa mimi, tangu utoto wangu, kitu kikikaza tunakipaka samli. Kamba ya ngozi, bawaba ya mlango, mgongo wa mgonjwa. Samli ya mke wangu inasifiwa mpaka Buna, kule kaskazini. Nikafungua silinda, nikachovya kidole, nikapaka kila tundu nililoliona. Ikalainika kama maziwa. Nikajiambia, huyu sajini miaka yote hii hajui hili.

Kilichofuata sikukielewa kwa sababu sikutaka kumuuliza mtu. Vumbi la Garissa linajulikana; liliingia kwenye samli likageuka uji. Kila siku triga ilizidi kuwa nzito kidogo, na mimi nikadhani kidole kimelegea, nikazidi kuvuta. Wiki mbili nzima nilivuta ule uji bila kujua ni uji. Sajini alikuwa amesafiri kwao, hakuiona.

Siku ya mtihani afisa alikuja na Landrova lagani, sajini amekaa mbele kama bwana arusi. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikatoa bastola.

Afisa akanusa. "Nani anakaanga?"

Sajini akashuka, akaninyang'anya bastola, akafungua silinda, akapitisha ukucha. Ukatoka na tope la njano lenye mchanga. Akaunyanyua ukucha afisa auone.

"Warya. Umeipika bastola?"

Afisa alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akaacha kucheka. "Mtu asiyejua kutunza silaha hapewi silaha. Ilete hapa, twende."

Nikaona malori yangu mawili yamelala Iftin, kuku wametaga ndani.

"Afande," sajini akasema, "mfelishe kwa mkono wake. Usimfelishe kwa samli. Nimemfundisha mimi mwenyewe. Wakisema amefeli, wasiseme ni mapishi."

"Unamtetea?"

"Simtetei. Simpendi. Hata mbuzi alionipa walikuwa wamekufa kasoro kusimama."

Akatoa petroli kwenye dumu la gari, akaiosha bastola mbele yetu kwa kitambaa na kijiti, akaipuliza, akaikausha juani. Hakuniangalia. Aliponipa mkononi aliisukuma kifuani kwangu kwa nguvu.

Nikasimama. Nikavuta kama nilivyozoea kuvuta uji. Triga ilikuwa nyepesi, ikakimbia yenyewe, risasi ikatoka sijafika. Mchanga ukaruka chini, kushoto, palepale pa siku ya kwanza.

"Moja imekwenda," afisa akasema. "Ukikosa nyingine tumemaliza."



Nikashusha mkono. Nikapumua. Kidole changu kilikuwa kimebeba mzigo wiki mbili, sasa mzigo umeondolewa, kazi ilikuwa kukizuia kisikimbie. Nikaangalia kile kijino, kifuniko kikawa ukungu. Nikavuta polepole, mwendo mmoja. Ikalia, ikanishtua. Ndiyo, naandika hapa: ilinishtua. Ya tatu vilevile. Ya nne. Ya tano. Ya sita ilichukua muda mrefu mpaka afisa akakohoa, na nadhani alikohoa makusudi.

Sajini akaenda kwenye mti, akarudi na kifuniko. Matundu matano, moja likigusa ukingo. Afisa akapitisha kidole kwenye lile la ukingoni, huku na huku, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye ng'ombe.

"Ukingo ni kifuniko," sajini akasema.

Afisa akaweka karatasi juu ya boneti, akatia saini, akagonga muhuri. "Usiniletee maiti," akasema. "Panda nyuma, tukurudishe mjini."

"Nina miguu."

"Mwache," sajini akamwambia. "Akipanda atasema gari ni lake."

Wakaondoka. Vumbi lao lote likanishukia, nikalimeza. Nikatia bastola kiunoni, karatasi ndani ya shati isipeperuke, nikaanza kutembea. Mwendo wa saa mbili kwenye lile jua, na kila niliyekutana naye njiani nilihakikisha amekiona kiuno changu.