Matokeo ya Uchaguzi Yaliyofungiwa Vikombe

Makreti ya vikombe yalikuwa yakija dukani kwa ami kila baada ya miezi michache, kutoka Singapore, na kazi ya kuyafungua ilikuwa yetu, mimi na baba. Duka lilikuwa Matrah, karibu na Maskat, nyuma ya soko. Ami, binamu yake baba, ndiye aliyetupokea tulipotoka Unguja baada ya mapinduzi, sisi watu watatu na sanduku moja la nguo. Alitupa vyumba viwili juu ya ghala, akampa baba kazi. Miaka mitano ilikuwa imeshapita, nami nimeshatimiza ishirini na mbili, na bado tulikuwa tukisema "tukishapata pa kukaa", kama watu waliofika jana.

Kila kikombe kilifungwa kwa kipande cha gazeti. Tulikuwa tukikunjua, tunafuta kikombe vumbi, gazeti tunalitia guniani. Ami akiwapa wauza bizari wafungie bidhaa zao. Asubuhi moja baba aliacha kufuta. Nilimwona ameliweka gazeti juu ya goti, analinyoosha kwa kiganja, mara moja, mara mbili.

"Vipi, baba?"

"Hebu nipe hilo lako."

Nikampa. Ilikuwa ni ukurasa wa matokeo ya uchaguzi wa bunge wa Malesia, nchi changa yenye uhuru wa juzi kama uliokuwa wetu. Jimbo, majina ya wagombea, kura za kila mmoja, safu baada ya safu, kwa herufi ndogo. Siku ile hakuna gazeti lililoingia guniani. Alizitenga karatasi zote, akaniambia nizitie kikapuni, juu yake niweke samaki wa mchana, zisionekane.

Inafaa nieleze kwa nini. Unguja baba alikuwa karani wa uchaguzi. Kura zikishahesabiwa, yeye ndiye aliyesimama barazani mwa ofisi ya wilaya akasoma matokeo, jimbo kwa jimbo, na sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara. Jimbo letu lilichukuliwa kwa tofauti ya kura chache mno. Waliokosa walimchukia msomaji, na waliopata walimlaumu kwamba hakusoma kwa furaha. Jirani aliyezowea kutuletea mkate wa kumimina kila Ramadhani hakutuletea tena, akawa hata salamu haitikii. Mapinduzi yalipokuja baba alichukuliwa, akakaa ndani miezi. Aliporudi alikuwa amekonda, na hakutaka kusoma kitu kwa sauti, hata barua. Barua nilikuwa nikisoma mimi, binti yake.

Basi Ijumaa iliyofuata, baada ya chai, nilishangaa kumwona amechukua pasi ya makaa ya mama, anazipiga pasi zile karatasi. Akachora mistari kwenye daftari, akanipa kalamu.

"Mimi nnasoma, wewe andika."

Akasoma. Majina ya Kichina na ya Kihindi yalimtatiza, akayarudia taratibu mpaka yakamkaa mdomoni. Majina ya Kimalei, ambayo mengi ni ya Kiislamu, aliyatamka kwa kha na dhal zake zote za Kiarabu, kana kwamba wenyewe wamesimama mbele yake. Alisoma mshindi na aliyeshindwa kwa sauti ile ile. Mama alikuwa akichambua mchele mlangoni. Alivumilia majimbo mengi kabla ya kusema.

"Baba watoto, hujachoka na kura?"

"Nimechoka. Ndiyo maana nnasoma za watu."

"Na faida yake?"

"Hapa hakuna atakayeninunia."

Mama akarudi kwenye mchele wake.

Ami alipogundua ndipo maneno yalipokuja. Maskat ya wakati ule mambo mengi yalitaka ruhusa, na mtu mwenye akili hakuitaja kura hata kwa mzaha. Alipanda juu, akaliona daftari, akafunga mlango.

"Kaka, hizi kura za nani?"

"Za Malesia. Mbali huko."

"Askari akiingia hatouliza ni za wapi. Ataona uchaguzi. Ni khatari, wallahi. Zichome."

"Nikimaliza."

"Utamaliza lini?"

Baba akamwonyesha. Palikuwa na mistari mitupu; gazeti lilisema majimbo ya upande wa pili wa bahari yatapiga kura baadaye. Alitaka kungoja kreti jingine. Ami aliondoka bila kuaga, nasi tukawa tunalificha daftari chini ya godoro la mama, ambaye alisema mgongo wake haukuomba bunge la mtu.

Kreti jingine lilikuja joto limeshaanza kupungua. Mimi ndiye niliyelikunjua lile gazeti. Palikuwa na picha ya mtaa umeungua, gari limepinduliwa, na habari kwamba mji mkuu umewekwa amri ya kutotoka nje, watu wameuana, bunge limesimamishwa, na kura zilizobaki zimeahirishwa. Niliwaza nilifiche. Lakini baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

Alisoma kimya, kisha akakaa juu ya kreti.

"Siku ngapi?" aliniuliza.

"Za nini?"

"Tokea uchaguzi mpaka moto."

Nikatazama tarehe. "Tatu."

"Sisi tulipata miezi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Na yule aliyewasomea, naye ana majirani."

Ami alikuwa kaunta, amesikia yote. Nilidhani atasema nilikwambieni. Alikuja, akalichukua gazeti mkononi mwa baba, akalikunja vizuri, akamwambia akapumzike. Vikombe vilivyobaki atavifungua mwenyewe. Baba alipanda juu, akalala mchana kutwa. Hatukuchoma daftari wala hatukuliandika tena. Mama alilihamisha kutoka chini ya godoro, na sikuuliza alilipeleka wapi.

Mwaka uliofuata Sultani mpya alishika nchi. Ofisi zikaanza kufunguliwa, na waliojua kusoma na kuandika Kiingereza wakatafutwa nyumba kwa nyumba. Ami alikuja mbio, kanzu mpya, uso umemng'aa.

"Kaka, wanataka makarani. Twende."

Baba alikuwa akinawa mikono. Alijifuta kila kidole kabla ya kujibu.

"Mimi khalas. Mpeleke binti."

"Mwanamke?"

"Anapiga taipu tangu skuli, na mwandiko wake unasomeka kuliko wangu. Waulize kama wana haja."

Walikuwa na haja. Mama alilia kidogo, kisha akanishonea baibui jipya. Siku ya kwanza nilipewa chumba kisicho na pazia, pamoja na wanaume wanne waliorudi kutoka Bahrein na Kuwait, ambao asubuhi nzima hawakujua waniangalie au wasiniangalie. Nilipiga taipu orodha ya madawati mpaka vidole vikafa ganzi. Jioni nilimkuta baba ukumbini na kikombe chake cha chai.

"Wamekupa kiti?" aliuliza.

"Wamenipa."

"Cha mbao au cha kamba?"

"Cha mbao."

Akasogeza miguu ili nipate pa kukaa, akanimiminia chai.