Mpira Uliobaki Mezani

Katikati ya miaka ya tisini baa moja ya Ifakara ilipata meza ya puli, na mchezo ukawa mmoja tu: ukishinda unabaki mezani, ukishindwa unampisha aliyeweka sarafu. Mimi, fundi redio, nilikuwa nimesoma habari za mchezo mwingine katika kitabu kikuukuu kisicho na jalada. Humo kila mpira ni pointi moja, unautaja pamoja na shimo lake kabla ya kupiga, na unaendelea mpaka ukose. Ukibaki mpira mmoja, mipira kumi na minne iliyoingia inapangwa upya. Nawe unautia ule mmoja huku mpira mweupe ukilivunja kundi. Asiyevuka hapo hana mfululizo wa maana. Mimi sikuwahi kuvuka. Nilitaka nione mtu wa kwetu akivuka.

Nikaandaa shindano. Nilimbembeleza mwenye baa hadi akanipa Jumapili moja, akaifungua meza ili mipira tuitoe kwa mkono. Wachezaji walikuja hata kutoka Idete, wakakosa mapema. Watazamaji wakachoka.

"Fundi, mchezo gani huu, mtu anacheza peke yake kama mchawi?"

Tumaini langu lilikuwa mkata miwa mmoja aliyekuwa likizo. Kesho yake angerudi kazini. Alipiga polepole, akitaja mashimo kwa sauti ndogo, mpaka ukabaki mpira mmoja, umekaa kama kwenye mchoro wa kitabu. Nikapanga ile mingine.

Alipoinama kupiga, akaingia mjomba wake kutoka Michenga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe ndiko ulikojificha! Endelea, endelea."

Hakuendelea. Aliifuta fimbo kwa shati, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

"Karibu upige, mjomba."

"Usimpe!" nikasema. "Mfululizo ni wa mtu mmoja!"

"Sasa fundi, mjomba wangu asimame, mimi nicheze?"

Mzee hakutaja mpira wala shimo. Alipiga kwa nguvu zote; kundi likatawanyika, mpira mweupe ukatumbukia. Baa nzima ikashangilia, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mfululizo umekatika," nikatangaza.

"Umekatika vipi?" mwenye baa akadakia. "Si ukoo mmoja hao? Wahesabie!"

Nikaeleza kanuni. Nikaieleza tena, safari hii nikiongea na migongo ya watu. Nikamsihi mkata miwa aanze upya.

"Zamu yangu imepita, fundi. Wape na wengine." Alikwisha kaa karibu na mjomba wake, akimuuliza habari za mpunga.

Mzee akaniita. "Mwanangu, mchezo wako mzuri. Ila hauna adabu."

Asubuhi mkata miwa akapanda basi. Mpira ule ulikuwa rahisi, hata mimi ningeuingiza, na mpaka leo sijui kama baada yake angefika mbali.