Igarashi na Baba wa Nukta Mbili

Igarashi Tatsuo alikuwa na uso, na hakumwacha mtu yeyote mtaani Ogikubo asahau jambo hilo. Ulikuwa uso mrefu, wenye mabonde mashavuni na nyusi nene zilizoweza kupanda moja moja, kila moja kwa wakati wake. Kwa miaka mingi aliufanyisha kazi uso huo katika kikundi cha maigizo kilichoonyesha tamthilia nzito mbele ya viti vilivyojaa nusu. Alipolia jukwaani, hata aliyekaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, aliona kila chozi likishuka. Akirudi nyumbani alijitazama kwenye kioo cha bafuni kama mtu anayekagua shamba lake.

Katuni alizidharau kwa moyo wote. Mkewe Fumie, aliyekuwa akiuza achari katika duka moja karibu na stesheni, alipenda kuwasha televisheni wakati anakatakata mboga za jioni, na jioni ndiyo saa ya katuni. Igarashi akipita sebuleni alisimama kwa makusudi, akabeua midomo.

"Mtazame huyo. Macho kama mabakuli ya supu, pua hana, mdomo kama tundu la kupitishia uzi. Nani atalia kwa ajili ya kitu kama hicho? Hata hiyo figili yako ina sura kuliko huyo."

"Figili yangu ina adabu, Baba. Inanyamaza," Fumie alijibu bila kugeuka. Bado alimwita Baba, ingawa binti yao Chikage alishaolewa zamani na kuhamia mji wa Sendai.

Kikundi kilivunjika mwaka ule ambao kiongozi wake alitangaza kwamba sanaa ya kweli haihitaji watazamaji, na watazamaji wakakubaliana naye. Igarashi akakaa nyumbani miezi kadhaa, akisubiri simu kutoka kwa watu wa filamu. Simu ilipolia alikuwa Nezu, kijana wa zamani wa kikundi hicho, ambaye enzi hizo kazi yake ilikuwa kubeba viti na mapazia.

"Mwalimu, kuna nafasi ya baba," alisema Nezu. "Mlinzi wa kivuko cha reli, mjane, ana binti mmoja. Ni mtu asiye na maneno mengi."

Igarashi alinyoa ndevu, akavaa koti lake zuri, akaenda. Alipofika ndipo alipogundua kwamba Nezu siku hizi ni msimamizi wa sauti za katuni. Baba mwenyewe, Genzo, alikuwa amebandikwa ukutani, kachorwa kwa penseli: kichwa cha duara, kofia ya kazi, nukta mbili zikiwa macho, mstari mmoja mdomo. Basi. Hapakuwa na zaidi.

"Aliyechora huyu aliitwa kwenye chakula kabla hajamaliza?" aliuliza Igarashi.

"Amemaliza, Mwalimu. Ndivyo alivyo."

Angeondoka, lakini koti lilishavuliwa, na nyumbani hakukuwa na kitu cha kumngoja zaidi ya kioo. Akakubali kwa jinsi mtu anavyokubali kung'olewa jino.

Wiki ya tatu ikaja sehemu ambayo Genzo anampiga binti yake kofi, binti anakimbilia chumbani na kufunga mlango, na Genzo anabaki nje. Igarashi alijiandaa. Alikuja na kilio kilichopangwa tangu nyumbani: kwanza koo linakwama, kisha pumzi inakatika, kisha chenyewe kinamwagika. Taa ya kurekodi ilipowaka akakimwaga chote kwenye maikrofoni, mpaka mwigizaji mwenzake aliyesimama ubavuni akarudi nyuma hatua moja kuepuka mate.

Nezu alisimamisha kila kitu kutoka nyuma ya dirisha la kioo. "Mwalimu, samahani. Genzo hapo halii."

"Kampiga mwanawe wa pekee!"

"Ndiyo. Halafu anasimama."

"Anasimama na uso gani?"

"Hana uso wa kuufanyia kitu, Mwalimu. Pumua tu. Kisha sema, 'Wali utapoa.'"

Wenzake wakacheka kichinichini. Igarashi alipandwa na hasira, akarudia. Nezu akasema bado ni kingi. Akarudia tena, na tena, kila mara akipunguza kidogo kama mchuuzi anayelazimishwa kushusha bei, hadi koo likauka na hamu ikamwisha. Mara ya mwisho alipumua kwa sababu alikuwa amechoka, akasema "Wali utapoa" kwa sababu alitaka kwenda zake nyumbani.

"Hiyo!" Nezu aliruka kwenye kiti. "Hiyo hiyo!"

"Hiyo nilikuwa nimechoka tu, mpumbavu wewe."

"Basi wiki ijayo njoo umechoka."

Sehemu hiyo ilirushwa Jumapili jioni. Fumie alikaa akimenya tofaa, na Igarashi akakaa kando yake amekunja mikono, tayari kucheka kabla ya mtu mwingine. Kofi likapigwa. Mlango ukafungwa. Kwenye kioo cha televisheni zikabaki zile nukta mbili na ule mstari, havitikisiki, kwa muda ambao Igarashi aliuona ni wizi wa wazi wa wachoraji wanaolipwa bila kuchora. Ikasikika pumzi. Wali utapoa.

Alipogeuka, kisu cha Fumie kilikuwa kimesimama katikati ya ganda. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. Mwanamke huyu alihudhuria maonyesho yake yote jukwaani, alimpelekea chakula cha mchana kwenye kiboksi, alisinzia kwa heshima katika safu ya tano, na hakuwahi kudondosha chozi hata moja.

"Unalia nini wewe?"

"Baba yangu," alisema Fumie. "Alikuwa anasimama hivyo hivyo nje ya mlango. Alishindwa hata kubisha."

"Fumie, zile ni nukta! Mtu kachovya kalamu kwenye wino mara mbili!"

"Najua."

"Mimi nimelia mbele yako miaka yote, kwa macho ya nyama na damu!"

Fumie alijifuta pua kwa kiganja. "Ulilia vizuri sana, Baba. Ulilia yote. Hukuniachia cha kulia mimi."

Igarashi hakula tofaa. Usiku huo na siku zilizofuata alizunguka nyumbani akisonya, na mwishowe akapata dawa ya tusi lile: angewaonyesha. Chama cha mtaa kilikuwa na ukumbi mdogo, na baada ya siku ya usafi ya majira ya kupukutika majani watu hukaa humo wakinywa chai. Alimwomba mwenyekiti dakika chache. Angemwigiza baba yule yule na mlango ule ule, ila safari hii kwa uso wa binadamu, na mtaa mzima ungeona tofauti ya msanii na doa la wino.

Watu walikaa kwenye mikeka na vikombe vyao. Igarashi alisimama mbele ya kabati la mifagio, ambalo ndilo lililokuwa mlango wa binti, akaanza. Hakubakisha kitu. Mashavu yalicheza, nyusi zilipanda, machozi ya kweli yalishuka yakakutana kidevuni. Katikati ya kilio alimwona Bibi Otsuka, mama wa mwenye bafu la mtaa, wanakooga wote kwa kulipia, amefumba macho. Amelala, kikongwe, alijisemea, akapandisha sauti. Kisha akamwona muuza tofu ya soya pembeni yake, naye amefumba. Kisha mke wa muuza tofu. Macho yake yakakimbia safu kwa safu, na kila alipopita alikuta kope zimeshuka, hadi alipofika kwa Fumie. Fumie naye alikuwa amefumba, na usoni mwake mlikuwa na utulivu mkubwa.

Alipomaliza walifumbua, wakapiga makofi kwa nguvu. Igarashi alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Otsuka.

"Bibi, usingizi ulikuwa mtamu?"

"Usingizi gani?" alisema yule kikongwe, macho mekundu. "Nilikuwa namtazama Genzo. Sauti yenyewe ni yake kabisa, mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini nikifumbua macho, unanizibia."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Igarashi alitangulia hatua kumi mbele, na Fumie, kwa huruma au kwa ukatili, alimwacha atangulie.

Faraja ilimjia majira ya kuchanua maua. Studio ile ile ilianza mfululizo mpya, wa binti mfalme aliyefukuzwa nyumbani. Macho yake yalikula nusu ya uso, ndani ya kila jicho mna nyota tatu na ziwa, na kila ziwa lilifurika kabla ya tangazo la biashara. Waliutazama pamoja. Binti mfalme alilia kwa ajili ya mama, kwa ajili ya farasi, kwa ajili ya ua lililonyauka. Fumie alipiga miayo, akainuka akaenda kuosha mchele.

Igarashi alimfuata jikoni karibu arukeruke. "Umeona! Nilisema nini? Katuni haina moyo!"

"Huyu hana, kweli."

"Na kwa nini yule mwenye nukta awe nao? Wote si wino?"

Fumie alisugua mchele, akafikiri. "Yule wa nukta ananiacha niingie. Huyu ananifanyia kila kitu mwenyewe. Analia, anajisikiliza akilia, kisha anageuka ili nione na chozi la upande wa pili." Alimwaga maji, akamtazama mumewe kuanzia juu mpaka chini. "Kuna mtu namjua ana tabia hiyo."

Igarashi alirudi sebuleni, akaizima televisheni.

Hakukiri kamwe. Mpaka uzeeni alisema katuni ni uji wa watu wasio na meno, na bado kila wiki alikwenda kumpa Genzo pumzi yake. Nezu alisema hakuwahi tena kumwomba apunguze. Mara moja tu alirudi jukwaani, kwa nafasi ndogo ya baba anayemsindikiza mtoto kwenye treni. Alisimama pale bila kutikisa chochote, mikono imening'inia, hadi treni ikaondoka. Chikage, aliyesafiri kutoka Sendai kwa ajili hiyo, alitoka ukumbini kabla ya taa kuwashwa ili watu wasiyaone macho yake.

Gazeti la asubuhi liliandika kwamba Bwana Igarashi, aliyejulikana zamani kwa uso wake hai, sasa amekauka, na kwamba inasikitisha kuona uzee ukimnyang'anya msanii chombo chake cha kazi. Igarashi alimtukana mwandishi huyo kila jioni kwenye bafu la mtaa, kwamba ni kipofu, ni mshamba, hajawahi kutazama kitu maishani mwake, hadi mwenye bafu akamwomba atafute mtu mwingine wa kutukana.