Kumsoma Mwendesha Baiskeli Kabla ya Kuweka Ng'ombe Wako

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipoanza kwetu. Baba alifariki msimu wa kuvuna pamba, na kabla matanga hayajaisha ndugu zake walikuja kugawana ng'ombe. Mama hakuwa na mtoto wa kiume, basi kazi ikawa rahisi kwao. Walituachia nyumba, vyungu na mbuzi mmoja mzee. Mimi nilikuwa darasa la pili. La tatu sikuliona. Nasoma polepole na naandika kwa herufi kubwa, na haya unayoyasoma binti yangu amenisaidia kuweka nukta tu. Maneno ni yangu.

Sitaki huruma. Nataka ieleweke kwamba mtu aliyenyang'anywa ng'ombe akiwa mtoto, siku akija kupata wake mwenyewe, hawachezei. Na mimi wangu niliwaweka dau kwenye mbio za baiskeli. Wote, na akili zangu zikiwa timamu.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Usukumani baiskeli siyo chombo cha kwendea kanisani tu. Mavuno yakiisha kunakuwa na mashindano, ya wanaume, ya wanawake, hata ya wazee. Waandaaji wanatoa zawadi zao pale mbele, na sisi watu wazima pembeni tunawekeana zetu: mbuzi, ndama, gunia la mpunga. Hakuna tiketi. Kuna neno lako na shahidi.

Kiwanja ndicho kilichonifikisha huko. Marehemu mume wangu ana mdogo wake, mfanyabiashara wa minadani, ambaye alikuwa na kiwanja Kalangalala, hapa hapa Geita mjini, kando kabisa ya barabara. Alikinunua akakiacha. Kikaota majani, mbuzi wa mtaa mzima wakawa wanalala humo. Mimi biashara yangu ni dagaa, natoa Nkome nauza Geita, na stoo niliyopanga ilikuwa inavuja hata kwa manyunyu. Nilimwomba shemeji aniuzie kile kiwanja, si mara moja. Akawa ananijibu kwamba kiwanja cha barabarani hakiuzwi kwa mwanamke, kwa sababu ataolewa nacho. Mimi, kwa umri huu. Nilimwambia atakayenioa na magoti haya labda awe fundi wa magoti.

Basi siku moja, miaka mitatu iliyopita, yuko kwangu anakula ugali na maziwa ya mgando, akaanza kumsifu bingwa wa wanawake, binti wa upande wa Shinyanga. Kila mbio anachukua yeye. Mashindano yafuatayo yalikuwa yanafanyika Geita, na shemeji akasema hakuna mwanamke chini ya jua atakayempita. Nikasema kupitwa anaweza kupitwa.

"Weka ng'ombe basi, shemeji," akasema huku analamba vidole. "Wewe si una mdomo."

"Weka kiwanja."

Akaacha kulamba. Alijua nina ng'ombe wangapi, maana nusu yao nilinunua kupitia kwake. Walikuwa Kolandoto, upande wa Shinyanga, kwa mdogo wangu wa kike. Akawaza, akacheka, akasema sawa: ng'ombe wangu wote kwa kiwanja chake, yule bingwa wake dhidi ya yeyote nitakayemtaja mimi. Nikamwambia nitamjibu baada ya wiki. Akadhani nimeogopa. Sikuogopa. Mimi siweki kitu kabla sijasoma.

Kusoma kwenyewe nilijifunzia Nkome, mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Nilipoanza dagaa, gari la kwenda Geita lilikuwa la kubahatisha, mzigo ulikwenda kwa baiskeli. Vijana wa kubeba walijipanga, na kila mmoja alikuwa anajitangaza kwamba yeye ndiye anayefika wa kwanza. Na kweli, kila mmoja aliwahi kufika wa kwanza siku moja. Nikajifunza kuuliza. Ulikuwa umebeba magunia mangapi? Mvua ilikuwa imenyesha? Uliondoka na nani? Ulipofika, ulishusha mzigo mwenyewe au ulishushiwa? Hilo swali la mwisho ndilo lililosomesha watoto wangu. Anayefika wa kwanza halafu akashushiwa mzigo, mpe kazi kesho yake uone atakapoishia.

Siku hizi Geita maduka ya kubeti yamejaa. Ndani kuna luninga, na kwenye luninga kuna farasi wa kompyuta wanakimbia, vijana wanapiga kelele. Niliingia siku moja nikauliza yule farasi mwekundu juzi alikimbia wapi. Wakanicheka. Yule farasi hana juzi, anazaliwa pale pale kwenye kioo. Nikatoka. Kitu kisicho na juzi mimi sikiwekei hata yai.

Wazee wenzangu nao wana kosa lao, kosa la kwetu hasa. Kwenye ngoma sisi tuna pande mbili, Wagika na Wagalu, na kila upande una waganga wake. Unashabikia ulikozaliwa, na ukishindwa unasema dawa ya wenzako ilikuwa kali. Mazoea hayo wameyahamishia kwenye baiskeli. Shemeji ni Mgalu tangu kwa babu yake, na yule bingwa ametoka kwa Wagalu, basi ilikuwa imetosha. Ukimuuliza binti ameshindaje, atakwambia kwao wana dawa. Hakuwahi kuuliza upepo ulikuwa unatoka wapi.

Mimi nikaanza na huyo bingwa. Ushindi wake wote niliufahamu, mwingine niliuona kwa macho na mwingine niliuulizia kwa mafundi baiskeli, maana fundi hasahau tairi aliloziba. Alikuwa ameshinda kweli, simpunguzii. Lakini mbio zote alishinda kule kwao, kwenye tambarare, juu ya lami, kwa baiskeli ile ile. Na waliokuwa nyuma yake walikuwa wale wale. Ameshinda mara nyingi, sawa, ila amewashinda haohao. Geita siyo tambarare. Geita ina vilima, na njia waliyotangaza ilikuwa inaacha lami, inaingia vumbi, halafu inarudi mjini kwa mlima.

Wa kumshinda nilikuwa namwaza tayari. Kuna binti wa Nkome, mke wa mvuvi, anayebeba samaki kwa baiskeli. Rekodi yake ukiitazama juu juu utacheka. Mara ya kwanza alikuwa wa saba. Mara ya pili, Shinyanga, alikuwa wa pili, mbali sana nyuma ya bingwa. Mara ya tatu aliacha njiani. Shemeji angesikia namtaja huyo angeanza kujenga zizi.

Ila mbio za mara ya kwanza fundi mmoja aliniambia kwamba binti alikimbia na keria ya mzigo, hakuitoa, kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi. Chuma kile unakijua uzito wake. Na zile za Shinyanga nilikuwepo mwenyewe. Bingwa alipovuka mstari alilala chini, wanawake wakammwagia maji, wakamwinua kwapani. Binti wa Nkome akafika, akashuka, akauliza maji ya kunywa yanauzwa wapi. Akanywa, akapanda baiskeli yake, akaenda zake Kolandoto kuwasalimia ndugu. Watu wote walikuwa wanamtazama aliyelala. Mimi nilikuwa namtazama anayeondoka.

Ikabaki ile ya kuacha njiani. Hiyo ilininyima raha. Aliyewahi kuacha anaweza kuacha tena, na mimi ng'ombe wangu hawana pa kuacha. Watu walisema mnyororo ulikatika. Wengine walisema hana moyo. Nikapanda gari mpaka Nkome.

Nilimkuta anaanua dagaa kwenye vichanja. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo, mayu," yaani mama. Nikamwitikia marahaba, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamsaidia kupepeta. Sikuzunguka sana. Nikamwambia kuna kitu changu kinamtegemea, asinidanganye: mara ile aliacha kwa nini?

Akatazama kama kuna mwanamume karibu. Hakukuwepo.

"Maziwa, mayu," akasema. "Nilikuwa nimeacha mtoto wa miezi miwili nyumbani. Kufika katikati kifua kimejaa, kimekuwa jiwe, kila shimo la barabarani naona nyota. Nikasema zawadi yao wakae nayo."

"Mbona watu wanasema mnyororo?"

"Mume wangu ndiye aliyewaambia. Angewaambia nini mbele ya wanaume wenzake?"

Tukacheka mpaka mama mkwe wake akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akanionyesha: limtoto limekaa mchangani linakula kiazi, lina meno, lishaacha ziwa. Wanaume wote wa Geita na Shinyanga walikuwa wanaisoma ile mbio kama kushindwa kwake. Mbele yangu nikaona kumbe haikuwa mbio ya miguu yake kabisa.

Hata hivyo sikukimbilia. Mumewe alikuwa amemnunulia baiskeli ya mashindano, ya mtumba, kutoka Mwanza. Baiskeli mpya inaanza rekodi upya. Nikamwomba aipande mbele yangu, aupande mlima wa barabara ya kutokea mwaloni na gunia langu moja nyuma kwanza, kisha bila gunia. Na gunia alipanda akiwa ameketi. Bila gunia alipanda anaongea na watu njiani. Alipoteremka kuja chini hakuhema kwa mdomo. Nikampa mkono, nikarudi.

Binti yangu mkubwa alipojua alinuna siku nzima. Alisema mama, umewatafuta wale ng'ombe kwa mgongo wako, leo unawatupa kwa mguu wa mtu. Nilimwambia siwatupi, nimeshawatazamia njia. Akasema wanaobeti wote wanasema hivyo. Nikamwacha anune.

Nikamwita shemeji, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukasema maneno yetu mbele yake. Nilipomtaja binti wa Nkome shemeji alishika kichwa.

"Yule wa kuacha njiani? Shemeji, kama una shida ya malisho ungeniambia tu, ningewachukua ng'ombe bila kukuaibisha."

Siku yenyewe watu walijaa kama wa mnadani. Tulisimama kwenye mstari wa kumalizia, mimi na shemeji, yeye kavaa koti lake la harusi. Filimbi ikalia, wakaondoka, bingwa akiwa mbele tangu mwanzo. Baiskeli yake ilipita kwenye lami kama kisu. Sisi tukabaki kusubiri habari kwa waendesha pikipiki wanaowafuata.

Habari ya kwanza ilikuja: bingwa yuko mbele, mbali, peke yake. Wa Nkome yuko kwenye kundi. Shemeji akaniuliza yule ng'ombe wangu mwekundu anatoa lita ngapi. Nikamwambia amuulize ng'ombe. Habari ya pili ikaja, wameingia vumbi, bingwa bado yuko mbele. Sitadanganya, hapo nilianza kuwahesabu ng'ombe wangu kichwani. Binti yangu alikuwa nyuma yangu, akanishika bega. Nikajiambia nilichokisoma nilikisoma sawa, mlima bado.

Halafu pikipiki zikakaa muda bila kuja. Watu wakaanza kugeuka kutazama kilima. Ikatokea moja, mwendeshaji ananyoosha kidole nyuma. Na nyuma yake tukaona baiskeli juu ya mlima, moja tu, na jezi haikuwa ya Shinyanga.

Alishuka kama maji. Wa Nkome. Watu wa mwaloni waliokuja na malori walipiga vigelegele mpaka nikawa sisikii. Bingwa alikuja baada yake, amevunjika nguvu, akavuka na kulala chini kama kawaida yake, wakammwagia maji. Binti wa Nkome alisimama pembeni kashika usukani, anauliza mtoto kala nini.

Nilicheza. Kwa magoti haya haya nilicheza ngoma ya ujana wangu, na wanawake wakanizunguka, na aliyetaka kupiga picha akapiga. Sikuona haya. Ng'ombe walikuwa wangu, kusoma kulikuwa kwangu.

Shemeji akanisogelea na koti lake.

"Shemeji, si tulikuwa tunataniana."

"Utani gani unakwenda kwa mwenyekiti?"

Akatazama chini, akacheka mwenyewe. Simsemi vibaya, ni mwanamume wa neno lake. Wiki ile ile alikuja na mwenyekiti na majirani wa pande zote nne, tukatembea mipaka, akanikabidhi mbele ya watu. Aliongeza kwamba nikiolewa kiwanja kirudi. Nikamwambia alete huyo mwoaji nimwone magoti yake kwanza. Mpaka leo hajui niliona nini kwa yule binti. Akiuliza namwambia ni dawa ya Wagika, na anaamini.

Leo ninavyo hivi. Kiwanja cha Kalangalala, chenye hati kwa jina langu. Juu yake stoo ya dagaa ya matofali ya kuchoma, na mbele fremu tatu: moja saluni, moja duka la vipuri vya pikipiki, moja naitumia mwenyewe. Ng'ombe kumi na tisa Kolandoto, na mtamba mmoja niliompeleka Nkome kwa yule binti, huyo siyo wangu tena. Mashine ya kukoboa mpunga. Vichanja sita vya kuanikia mwaloni. Nyumba ya bati yenye vyumba vinne na tangi la maji. Shamba la mihogo na viazi. Baiskeli moja, ya mzigo.