Noelene Hataki Utani wa Ndoo ya Cheche

Grenda za kusagia vyuma zinapiga kelele na cheche zinaruka hadi darini, lakini Noelene Tatnell anamwona msichana akikohoa upande wa pili wa karakana. Anavua kofia yake ya kuchomelea, anavuka sakafu akichechemea kwa goti bovu.

"Barakoa yako iko wapi?"

"Mfukoni," anajibu Tamsin, binti wa miaka kumi na saba aliyeanza kujifunza ufundi hapa majuzi.

"Kwani mfuko ndio unaovuta moshi?"

Tamsin anacheka, anaivaa. Noelene hacheki mpaka kamba zimekaa sawasawa. Kisha anarudi kwenye tangi lake la maziwa, moja ya yale ambayo karakana hii ya mji wa Burnie huwatengenezea wafugaji wa kaskazini mwa kisiwa cha Tasmania.

Ana miaka sitini na mmoja, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimaliza akichomelea vyuma. Mafundi wenzake wamemchagua kuwa mwakilishi wao wa usalama. Akisema kazi isimame, inasimama.

"Tulimchagua tukidhani akipata cheo atanyamaza," anasema msimamizi Darryl Kosky. "Tulijidanganya."

Katika karakana hii ni marufuku kumtania mgeni. Kwetu hapa huo ni uamuzi mzito. Aliyefanya kazi ya mikono kisiwani anajua mtoto anavyofika na viatu vipya, akatumwa dukani kununua rangi ya mistari, au stoo kuleta ndoo ya cheche, vitu visivyopatikana popote. Mtunza stoo humwambia zimeisha, ajaribu jirani. Anarudi kijasho kinamtoka, na watu wazima wanashika mbavu.

"Hata mimi nilitumwa, nikazunguka mji mzima," anasema Noelene. "Niliporudi nikacheka nao. Ila moyoni nikaapa, hapa siulizi kitu tena."

Kilichomtoa kwenye utani huo ni kijana aitwaye Brodie Viney. Wiki yake ya kwanza walimtuma ndoo ya cheche. Wiki iliyofuata kulikuwa na tangi lililochomelewa kwa gesi ya agoni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Hutulia chini ndani ya tangi na kuisukuma nje hewa ya kuvuta. Spana ya Brodie ikadondokea ndani, naye akainama mdomoni mwa tangi kuifuata.

"Dogo, toka! Humo hamna hewa!" Noelene alipiga kelele.

Brodie aligeuka akitabasamu. "Hamna hewa? Na cheche nazo zimeisha?"

Akaingiza kichwa.

"Nilimwahi miguu," anasema Noelene. "Tumbo lilikuwa ukingoni, amelegea kama nguo. Angetumbukia, ningemfuata, maana nisingeweza kumwacha. Tungekufa wote wawili."

Brodie alizindukia sakafuni. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Samahani, nilijua mnanitania."

Noelene akifika hapo hutazama pembeni. "Yeye ndiye aliyetuomba radhi. Wakati sisi ndio tuliomfundisha asituamini."

Kesho yake, wakati wa chai, alitangaza kwamba atakayemtuma mtoto upuuzi atamsimamishia kazi. Ugomvi ukazuka, na Darryl ndiye aliyebisha kuliko wote.

"Nol, utatunyima hata kucheka?"

"Nichekeni mimi. Nina goti bovu na mume anayekoroma, mtachoka wenyewe. Watoto waacheni."

Tangu hapo, kila mwanagenzi huanza kwa somo moja la ajabu. Noelene humpeleka uani, humsimamisha mbele ya mafundi wakongwe, na kumtaka aseme kwa sauti: "Simama kwanza!" Hurudia mpaka sauti iache kutetemeka. Brodie mwenyewe, ambaye sasa ni fundi kamili mjini Devonport, huwafundisha wanagenzi wake vivyo hivyo. Binafsi sijaona darasa la maana kama lile la uani.

Lakini kuna jambo linalomkosesha Noelene raha. Desemba anastaafu, na vijana wake humsimamisha kila mtu isipokuwa yeye.

"Wananiogopa, au wananipenda mno. Yote mabaya. Mimi nakosea kama mtu yeyote. Wakinyamaza kwangu, nikiondoka watamnyamazia mwingine."

Mchana, baada ya pai za nyama, lori la mfugaji linaingia mapema na dereva anapiga honi. Noelene anakimbilia tangi akakague mshono wa mwisho. Anapanda ngazi, taa mkononi, mguu mmoja umeshaingia ndani.

"Nol! Simama kwanza!"

Ni Tamsin. Amekuwa mwekundu hadi masikioni. Grenda zinazimwa moja baada ya nyingine.

"Hujapima hewa," anasema.

Noelene anamtazama. Kisha anautoa mguu polepole, anashuka, na kipimo cha hewa kinateremshwa ndani kwa kamba. Wote wanasubiri, na dereva naye kaacha honi.

Hewa ni safi.

"Haya," anasema Darryl, "kumbe umetusimamisha bure, dogo."

Tamsin anainamisha kichwa. Noelene anamshika bega. Machozi yanamtoka na wala hayafuti.

"Bure kabisa," anasema. "Na kesho nataka atusimamishe bure tena."