Jani Aliyekataa Kula

Kuna harufu moja ikinipata, hata nikiwa mjini katikati ya watu, husimama nikainusa: harufu ya kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori. Wenzangu husema inawakumbusha maziwa mgando. Mimi inanikumbusha mdudu.

Nilikuwa darasa la pili, kwetu Endabash, miaka ile sukari ilipokuwa ya kupangiwa foleni. Mdudu mwenyewe nilimtoa kwenye mpera nyuma ya zizi. Ungemwona ungeapa ni jani: bapa, kijani, ana mishipa, na kingo zake kama zimetafunwa. Nilimwita Jani, maana sikuwa mtoto wa kujisumbua na majina. Mama alimtazama akila jani la mpera, akacheka. "Huyu si anajila mwenyewe?" Akanipa kibuyu chake kidogo kilichopasuka mdomo, nimfugie humo.

Wiki hiyohiyo Mama akashikwa na homa. Landrova ya misheni ilipokuja kumchukua, aliniambia huku ameegemea bega la Baba, "Mtunze Jani mpaka nirudi." Basi nikaona nimeelewa. Jani akiishi, Mama atarudi. Hakuna aliyenifundisha hivyo, nilipanga mwenyewe, na mtoto akishapanga jambo la namna hiyo hakuna mtu mzima wa kumtoa humo.

Baba alikuwa akirudi jioni na baiskeli kutoka hospitali na kunong'ona na bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ama. Nilisikiliza nyuma ya mlango. Habari ilikuwa ileile: Mama hali kitu. Ama akakoroga uji wa ulezi wa kumpelekea, akisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mgonjwa haulizwi uji!" Uji ulirudi kwenye chupa ya chai kama ulivyokwenda.

Siku niliyousikia huo uji ukimwagwa, nilikimbilia kibuyu changu. Majani ya asubuhi hayakuwa na alama ya jino. Jani alikuwa amejishikiza ubavuni, kimya, rangi imepauka. Nilimbadilishia majani. Nikamletea ya maharage, ya maboga, nikamdondoshea hata tone la uji. Akakataa vyote. Niliogopa, wala sikumwambia mtu, kwa kuwa niliona nikilitamka ndipo litakuwa kweli.

Kesho yake nikapata akili. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri hayaharibiki upesi. Moshi hulinda, ndivyo Ama alivyosema kila siku. Kama moshi unalinda maziwa, utashindwa kumlinda mdudu? Nikachukua kijinga jikoni, nikakisugua ndani ya kibuyu kama Mama alivyokuwa akifanya, nikakung'uta majivu, nikangoja kipoe. Kisha nikamrudisha Jani na kufunga mdomo kwa kitambaa. Nililala nikiwa na matumaini kidogo.

Asubuhi nilifungua. Chini kulikuwa na kitu cheupe, kikavu, chenye miguu yote mahali pake. Nilikigusa, kikayumba kama ganda la kitunguu.

Sikumbuki nilivyotoka nyumbani. Nakumbuka maharage ya ngwara shambani yakinichapa magotini, kibuyu kifuani, na sauti yangu ikinitangulia: "Ama! Ama! Mama amekufa!"

Ama aliachia jembe. Hakuuliza nani kaniambia. Alikaa palepale kwenye udongo, akajifunika khanga usoni, akasema polepole, "Nilijua. Tangu juzi nilijua." Jirani yetu aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya mfereji akaanza kulia kwa sauti. Kilio kile kilinitia hofu kuliko yote, maana sasa lilikuwa jambo la watu wazima.

"Ni mimi, Ama," nikasema. "Nilimfukiza, lakini amekufa."

Alifunua uso. "Ulimfukiza nani?"

Nikampa kibuyu. Akachungulia, akakigeuza, akakigonga tako. Kwenye mpasuko wa mdomo akatokea Jani, mbichi, kijani cha kung'aa, mkubwa kuliko jana, akatembea juu ya kidole cha Ama kana kwamba hajatusumbua.

"Amevua ngozi," Ama akasema. "Wadudu wa hivi wakikaribia kuvua hawali. Na mama yako, nani kakuambia habari zake?"

"Jani alikuwa hali. Na Mama hali."

Alinipiga kofi moja, akanikumbatia, akacheka huku analia, kisha akapaza sauti kuvuka mfereji: "Nyamaza wewe! Ni mdudu!"

Mama alirudi baadaye, gauni likimpwaya, akaomba ugali kabla hata ya kuketi. Kwa miaka mingi niliamini ni kazi ya Jani.

Kisha, ukubwani, nikawa na mgonjwa wangu mwenyewe. Siku moja nilijikuta nakoroga uji na kusema kwa sauti kubwa, ili watoto wasikie, kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mkono ukasimama ndani ya sufuria. Ndipo nilipomsikia Ama vizuri. Nilidhani hofu yote ya nyumba ile ilikuwa nyuma ya mlango, kwangu mimi. Kumbe upande wa pili, penye mwiko na methali, alikuwapo mtu mzima aliyekwisha kumzika mkwe wake moyoni na bado anampikia.

Neno lile, "nilijua", Ama hakulirudia kamwe mbele ya Mama. Mimi pia sikumwambia.