Mzee Nkwabi wa Sapiwi: nilimwandalia shukrani isiyo na kosa, nikamkosea mlangoni mwa zizi

Wakuu, salaam kutoka Bariadi.

Huu ni uzi wangu wa kwanza. Nimesoma nyuzi zenu miaka sita bila kuchangia hata neno, kwa sababu kila nikiandika nafuta. Huu wenyewe nimeufuta mara nne. Leo nauweka kama ulivyo. Yote nitakayosema yametokea, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya.

Naitwa Sayi, nina miaka ishirini na nane. Nina kibanda cha stationery karibu na stendi. Nachapa barua, kadi za harusi, wasifu wa marehemu. Mambo ya design nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, hakuna darasa nililokaa.

Labda ndiyo maana nina ugonjwa wa kukagua. Mstari ukipinda nusu milimita nauchapa upya. Mteja anaondoka anacheka, mimi nabaki natazama kosa ambalo yeye hajaliona.

Sasa niwapeleke kijijini kwetu, Sapiwi.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na wazee watatu waliopigana vita vya Kagera. Wawili walikuwa wapole, wakikaa kwenye kikao huwezi kujua walishawahi kushika bunduki. Wa tatu alikuwa Mzee Nkwabi.

Huyu alikwenda vitani akiwa mgambo, kijana mwenye nguvu zake, akarudi mkulima wa pamba kama wengine. Lakini masika yakifika, korongo lililo kati ya kijiji na shule likijaa maji, alikuwa anatusubiri asubuhi ukingoni, suruali ameikunja hadi magotini.

Anatupanga mstari. Anapaza sauti: "Hesabu!"

Moja! Mbili! Tatu! Mpaka wa mwisho.

Kisha anatuvusha, wadogo mgongoni, wakubwa kwa mkono. Ng'ambo ya pili anatuhesabu tena. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Na ikipungua namba moja, hakuna anayekwenda popote mpaka ijulikane huyo mmoja yuko wapi.

"Hatuondoki pungufu," anasema. Basi.

Tulikuwa tunachelewa, tunachapwa, tunamlaumu. Mtoto ana akili gani? Tulimwita Mzee Pungufu, mbali asikosikia.

Niseme ukweli, nilimwogopa na kumhusudu kwa wakati mmoja. Nilipomwona anasimama katikati ya maji yale mekundu, na magogo yanapita, na yeye hatikisiki, niliamini hakuna kitu duniani kinachoweza kuniua akiwa pale.

Miaka mitatu iliyopita nikapata wazo. Nitawatengenezea wale wazee watatu vyeti vya shukrani. Niwape mbele ya watu, wakiwa hai.

Nikaanza. Font haikunipendeza. Nikabadilisha. Rangi ya bendera ikatoka imefifia kwenye printa. Nikabadilisha karatasi. Sentensi ya pili nikaiona ina maneno mengi. Mama yangu akawa ananicheka.

"Sayi, hicho cheti unakifuma au unakichapa?"

Nikiwa kwenye toleo la tisa, mzee wa kwanza akafariki. Nikiwa la kumi na nne, wa pili.

Wakuu, wasifu wa marehemu wote wawili nilichapa mimi. Na nilikuwa na vyeti vyao kwenye kompyuta ileile, faili la pembeni yake. Sijawahi kumwambia mtu hili. Nilichapa, nikafunga kibanda, nikakaa ndani peke yangu.

Akabaki Mzee Nkwabi. Mwaka huu nikasikia binti yake anataka kumhamishia Kahama baada ya msimu wa pamba, kwa sababu macho yanamsumbua. Nikaona hapa nikichelewa tena sitajisamehe.

Nikaandaa kila kitu. Cheti kwenye fremu. Ratiba yenye vipengele tisa. Binamu yangu mwenye sauti nzuri awe mshereheshaji. Na zawadi kubwa: mtamba mwekundu, ng'ombe ambaye hajazaa bado, niliyemnunua mnadani Dutwa.

Kwa wasio wa huku: upande wetu ng'ombe wa zawadi hakabidhiwi kwa kamba njiani kama mbuzi. Anaingizwa zizini na wenzake. Anayepewa anaingia humo humo, anamgusa mgongoni kwa fimbo, hapo ndipo anakuwa wake. Niliandika hivyo, kipengele cha nne.

Mzee anaishi kwenye boma moja na mdogo wake, Mzee Shija, ambaye ndiye anayesimamia zizi la baba yao. Nilimpelekea ratiba Ijumaa, nikamwomba asimwambie kaka yake ili iwe surprise. Akaisoma taratibu. Akaweka kidole kwenye namba nne.

"Hapa, mwanangu. Zizini?"

"Ndiyo, baba. Kila kitu nimeshapanga."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nikimuuliza haitakuwa surprise tena, baba."

Akanitazama. Akakunja karatasi akaiweka mfukoni. "Haya. Wewe ndiye msomi."

Nilifurahi! Nilidhani kanisifu.

Jumamosi asubuhi watu wakajaa. Mzee Nkwabi akaletwa amevaa koti la zamani lililopigwa pasi.

"Mwangaluka, guku," nikamwamkia, maana kwetu mtu kama huyo ni babu yetu sote.

"Mwangaluka, Sayi. Mbona mmenizunguka kama nimekufa?"

Watu wakacheka. Cheti nikakisoma, sikukosea neno. Akakipokea, akakipapasa kioo, akakisogeza karibu na jicho lake zuri.

"Jina langu limeandikwa sawasawa," akasema. "Jeshini hilo liliwashinda."

Vicheko tena. Moyo wangu ulikuwa unaelea. Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama kwenye karatasi.

Binamu akatangaza: "Sasa mzee wetu ataingia zizini kupokea zawadi yake."

Wazee waliokaa kwenye vigoda wakatazamana. Sisi vijana hatukuelewa. Mzee Nkwabi akainuka, akatembea hadi mlangoni mwa zizi, pale penye nguzo na magogo ya kuziba. Akavua kofia. Akasimama.

Nikadhani haoni vizuri.

Wakuu, nikamshika mkono nikamvuta.

Mkono wa mzee yule uligeuka chuma. Hakupaza sauti. "Acha, Sayi."

Nikaacha. Nilitamani ardhi ya Sapiwi inimeze na ratiba yangu.

Na hapo ndipo nilipokumbuka, mimi ninayejidai kukagua kila kitu, kwamba sijawahi kumwona mzee huyu ndani ya zizi hata siku moja. Maziwa alikuwa analetewa pale pale mlangoni, anakunywa amesimama. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya jeshi, kwamba yuko lindo.

Akageuka akatutazama wote, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza habari za mvua.

Walitoka wawili mlangoni hapo kwenda vitani. Yeye na Lugembe, mtoto wa mama yake mdogo, waliolelewa chungu kimoja. Baba yake aliwaambia: mkirudi msiguse ng'ombe, msiingie zizini, mikono itakuwa imetoka kwenye damu. Nitawaosha kwanza hapa mlangoni, wote wawili kwa pamoja.

"Tukavuka mto huko," akasema. "Mizinga ikalia. Ilipotulia nikahesabu wa kwetu. Lugembe hayupo. Nikahesabu tena. Hakuna aliyemwona ameanguka. Hakuna aliyemzika. Amri ikatoka tusonge mbele, tukasonga."

Akaigeuza kofia mkononi.

"Nikarudi hapa peke yangu. Baba akasubiri, akasubiri, mwisho akasema njoo basi nikuoshe. Mimi ndiye niliyekataa. Nikioshwa peke yangu, nimesema Lugembe harudi. Mimi hilo sijalisema."

Zaidi ya miaka arobaini, wakuu. Baba yake alikufa, yeye akiwa nje ya lile zizi. Aliposa, akatoa mahari, ng'ombe wake wakachaguliwa na mdogo wake, na yeye akawahesabu wakiwa wanatoka. Ni mtu ambaye kila siku jioni amesimama hatua moja kutoka kwenye mali yake, na ile hatua hakuivuka.

Nilitazama ratiba mkononi na vipengele vyake tisa, nikaona ni takataka.

Ni Mzee Shija aliyeniokoa. Alinyanyuka, akaanza kutoa magogo ya mlango, moja moja, akayalaza pembeni. Halafu akaingia, akapiga mluzi.

Ng'ombe wakatoka. Wote. Wakamzunguka Mzee Nkwabi pale aliposimama, vumbi likapanda, wengine wanamnusa koti. Yule mtamba wangu akatoka wa mwisho, mgeni, anashangaa. Mzee Shija akamsukuma taratibu mpaka kwa kaka yake.

Mzee akanyoosha fimbo, mkono akiuweka mbali, akamgusa mgongoni.

Sijui niwaelezeeje. Nilikuwa namtazama mtu mwenye macho mabovu, katikati ya ng'ombe, nikajisikia mdogo kuliko nilivyokuwa pale kwenye korongo.

Nikasogea. Hotuba niliyoikariri wiki mbili ilikuwa imepotea. Nikajikuta nasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote.

"Guku, siku moja namba yangu ilikosekana. Ukawaacha wenzangu ukingoni, ukaja nyumbani kunitafuta. Nilikuwa mgonjwa. Asante, guku. Wabeja sana."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Mgonjwa wa nini! Ulikuwa umejificha ndani ya kihenge cha mama yako, juu ya mtama. Uliogopa mtihani wa hesabu."

Mama akashika mdomo. "Sayi! Kihenge changu?"

Ni kweli. Nilikuwa na miaka tisa na niliogopa kukosa swali moja. Alinitoa, akanipangusa makapi, akanishika mkono hadi korongoni. Njia nzima hakuniuliza kitu, na tangu siku ile hakumwambia mtu yeyote. Miaka kumi na tisa ameitunza siri ya uoga wangu.

Kabla hatujala, akaniita pembeni.

"Una kalamu?"

Nikampa ya wino niliyokuwa nayo.

"Niandikie na cha Lugembe."

Nikamwambia nitakwenda mjini, nitakichapa vizuri, Jumatatu nitakileta na fremu yake.

"Jumatatu ya nini? Andika."

Nikageuza ratiba, nikapiga goti, nikaiweka chini, nikaandika upande mweupe. Ardhi ina kokoto, kalamu inaruka, herufi zikapanda na kushuka. *Asante Lugembe wa Sapiwi, uliyekwenda kutulinda.* Nikauliza niandike marehemu.

"Usiandike."

Sikuandika. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Kile cha fremu alimpa mjukuu akakitundike.

Nilichojifunza sitakipamba. Wazee wawili niliwanyima asante kwa sababu ya font. Wa tatu nilimwandalia shughuli kubwa bila kumuuliza swali hata moja, mwisho nikamvuta mkono kama mzigo. Nilikuwa nampanga yeye aingie kwenye shukrani yangu. Mtu aliyetembea mpaka vitani kwa ajili yetu, mimi nilishindwa kutembea hatua chache hadi kwenye kigoda chake nikamuuliza: guku, ilikuwaje huko?

Sasa nakwenda kila Jumapili kabla hajahamia Kahama. Namuuliza, anajibu anachotaka.

Nanyi wakuu, najua kila kijiji kina mtu wa namna hii, yuko dukani, yuko shambani, yuko getini analinda ofisi ya watu. Kama wa kwenu yuko hai, nendeni wiki hii, mikono mitupu inatosha. Na kama yuko ambaye hakurudi, andikeni jina lake hapa chini, na kijiji chake. Andikeni hata kama hamna uhakika wa herufi.

Nitayasoma yote. Sitasahihisha hata moja.